Agave ya elfu thelathini na tano: mmea nautetea, maelekezo ya muuzaji hapana

Nimekaa na huu mmea mwaka mmoja na miezi minne ndo naandika leo, maana mmea ukiuandikia siku ya pili baada ya kununua unakuwa hujamsaidia mtu, siku ya pili kila mmea ni mzuri. Niliununua kwenye kitalu kimoja cha barabarani njia ya Bagamoyo hapa Dar, jina sitaji kwasababu wenyewe tulishaongea na mambo mengine wamerekebisha, ila yaliyonikuta nayasema yote maana naona watu wengi siku hizi wananunua hizi agave kupamba vibaraza na zinawafia ndani ya miezi miwili halafu wanasema "mi sina mkono wa maua". Mkono unao bana. Umepewa maelekezo mabovu tu.

Naishi Tabata ghorofa ya tatu, kibaraza changu kinatazama magharibi, jua linaingia kuanzia saa saba mchana mpaka linazama, maua mengi yameshaungua pale. Nna mtoto wa miaka miwili na nusu anashika kila kitu kwahiyo nilivofika pale kitaluni nikasema nataka kitu kinachovumilia jua na kisicho na miiba. Wakanionyesha agave ile laini, wataalamu wanaiita Agave attenuata, na hapo kwa kweli nawapa haki yao, walichagua vizuri. Agave nyingi ni hatari, ile kubwa yenye mistari ya njano tunayoiona kwenye mageti ya watu na ile nyembamba yenye kingo nyeupe zote zina mwiba mgumu kwenye ncha, mwiba wa kweli, ukiinama vibaya unaingia kwenye jicho. Kama una mtoto au mbwa usiweke ile ndani. Hii laini haina mwiba kwenye ncha wala meno pembeni, majani yake yamejipanga kama ua kubwa lililofunguka, rangi ni kijani iliyopauka kidogo na juu yake kuna kama unga hivi, ukigusa kidole kinaacha alama na ile alama haitoki. Asili yake ni Mexico kama agave karibu zote, inaota kwenye miamba milimani huko, na hilo la miamba lishike vizuri maana ndo jibu la kila kitu kitakachofuata.

Bei ilikuwa elfu 35 na chungu chake. Mmea peke yake kwenye mfuko mweusi ulikuwa elfu 18.

Sasa chungu. Kilikuwa cheupe cha kung'aa, kizuri kweli machoni, juu ya udongo wameweka vile vijiwe vyeupe na wamevigandisha na gundi ili visimwagike njiani, na majani walikuwa wameyapaka mafuta yanang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Nikamuuliza kaka aliyekuwa ananihudumia namwagiliaje, akasema dada mwagilia kikombe asubuhi na kikombe jioni, Dar kuna joto. Nikabeba, nikaweka kibarazani, nikafanya alivosema, tena kwa uaminifu, hata siku nikichelewa kazini nampigia binti wa nyumbani namwambia usisahau ua.

Wiki ya tatu jani la chini kabisa likawa njano. Nikajua ni uzee wa jani. Siku nne mbele yakawa matatu, na hayakukauka, yalikuwa yamelainika, ukiyashika yanabonyea kama kitunguu kilichochemshwa na yanaonyesha mwanga kwa ndani. Nikajaribu kumwagilia zaidi nikidhani kiu, na hapo ndo nikaongeza tatizo. Siku ya Jumapili nikainua chungu nikakuta kizito kuliko kawaida, nikakiinamisha, maji yakatoka pembeni ya vile vijiwe, meusi, na harufu yake ilikuwa ya mtaro. Nikageuza chini kutafuta tundu. Hakuna tundu. Chungu hakikutobolewa hata tundu moja, yani wiki tatu nzima vikombe viwili kwa siku vimeenda kukaa mle ndani na haviwezi kutoka, na juu kuna mawe ya gundi hata hewa haipiti ili udongo ukauke.

Nililia kidogo sikatai. Siyo kwa ajili ya elfu 35, ni kwamba huu mmea kwangu una historia. Babu yangu mzaa baba alitoka Kigoma akaja Tanga kukata mkonge, alikuwa manamba, yani kibarua wa mkataba wa mashambani, na mi nimezaliwa Muheza nikakulia karibu na mashamba hayo, ile harufu ya makapi ya korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, ikija na upepo jioni bado naijua mpaka leo. Watu wengi hawajui kwamba mkonge ni agave. Agave sisalana ndo jina lake, ni ndugu kabisa na hii niliyonayo kibarazani. Ulikuja kwetu 1893 na Mjerumani anaitwa Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida na iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka kwenye hiyo 62 ndo yakaja mashamba yote yale tuliyokuwa tunayaona kwenye dirisha la basi ukitoka Segera kwenda Tanga mjini, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Kwahiyo kuona mmea wa ukoo huo unaoza mikononi mwangu kwasababu ya maji, wakati nimekulia sehemu ambayo mkonge unasimama kiangazi kizima hakuna anayeumwagilia, iliniuma.

Na ni huko huko nilikopata akili ya kuuokoa. Nilikumbuka babu alivyokuwa anaandaa miche ya mkonge, aling'oa, akakata mizizi yote kwa panga ikabaki kitako tu, akairundika chini pembeni ya shamba na ikakaa siku nyingi kabla ya kupandwa, na sisi watoto tulikuwa tunaona imekufa. Nilimuuliza, akanambia "mjukuu wangu, huu haufi kwa ukame, unakufa kwa matope." Basi nikasema ngoja nifanye hivo hivo.

Nikavunja ile gundi kwa bisibisi, nikatoa mmea mzima. Udongo ulikuwa mweusi mzito, mfinyanzi na samadi, unanata vidoleni. Mizizi karibu yote ilikuwa ya kahawia na ukiivuta ngozi yake inabaki mkononi, katikati unabaki uzi mwembamba. Nikachukua wembe mpya nikaupitisha kwenye spiriti, nikakata kila kilichooza mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe ngumu isiyo na doa, hapo usionee huruma, ukiacha hata kidoa cha kahawia kitaendelea kupanda juu. Majani sita ya chini nikayatoa. Vaa glavu tafadhali, mi sikuvaa, ule utomvu wa agave una vijisindano vidogo sana havionekani kwa macho, mikono iliniwasha mpaka usiku na vikatoka vipele kwenye mkunjo wa kiwiko. Halafu nikauweka kivulini juu ya gazeti, hauna udongo wala maji, siku tisa. Binti wa nyumbani akanambia dada huu si tutupe. Nikamwambia subiri.

Siku ya kumi kitako kilikuwa kimekauka kabisa kama kovu. Nikanunua chungu cha udongo wa kuchoma, kile cha kawaida cha elfu 6 kwa wanaouza vyungu na majiko barabarani, tundu chini lipo, na hakiko kikubwa, kinazidi mmea kidogo tu maana chungu kikubwa kinabaki na maji mengi ambayo mizizi haina uwezo wa kuyanywa. Mchanganyiko nilioweka ni sehemu moja udongo wa kawaida wa bustani, sehemu moja mchanga ule mnene wa ujenzi, na sehemu moja kokoto ndogo kabisa pamoja na vipande vya mkaa nilivyovunja vunja. Mchanga wa baharini usithubutu, una chumvi. Na ukishachanganya chukua ngumi moja uuloweshe kidogo uubane, ukifungua mkono ukabaki donge bado ni mzito, ongeza mchanga, unatakiwa uvunjike wenyewe. Nikapanda, nikaacha siku saba nyingine bila maji, ndo nikamwagilia mara ya kwanza. Kama wiki tano mbele nikautikisa kidogo kwa mkono nikasikia umeshika. Niliita watu wa nyumba nzima waje waone.

Toka hapo ratiba yangu ni hii na haijaniangusha: sihesabu siku, nina kijiti cha mshikaki, nakichomeka mpaka chini ya chungu, kikitoka na unyevu au udongo umekishika naacha, kikitoka kikavu namwagilia maji mengi mpaka yatoke chini, halafu basi. Miezi ya jua kali kama Januari na Februari inakuja kama kila siku kumi hadi kumi na mbili, masika sijamwagilia hata mara moja kwa karibu miezi miwili, nilikisogeza chungu ndani ya paa ili mvua isikipige. Maji mwaga kwenye udongo, usimwage katikati ya majani yakatuama pale kwenye moyo wake. Na kile kisahani cha chini mwaga maji yake hapo hapo, siyo kwa ajili ya mmea tu, Dar hii tumeshapigwa na dengi 2014 na 2019 na mbu wake anazalia kwenye maji safi kidogo tu kama hayo, kisahani cha ua kinamtosha kabisa.

Jua nalo lina namna yake. Hii ya majani laini inapenda mwanga mwingi ila ukiitoa kivulini ukaiweka ghafla kwenye jua la saa nane inaungua, inapata mabaka meupe yanayogeuka kahawia na hayaponi, unakaa nayo mpaka jani lizeeke. Na yangu ilishaungua majani mawili siku za mwanzo na nna uhakika ni yale mafuta waliyoipaka, maana ule unga wa juu ya jani ndo nguo yake ya kujikinga na jua na kutunza maji, sasa wewe unaufuta unapaka mafuta ili ing'ae dukani, halafu mteja anaenda kuianika. Ukikuta agave inang'aa kama plastiki kwenye kitalu waambie wakupe ambayo haijapakwa. Mi baadae nilianza kuisogeza kidogo kidogo, wiki ya kwanza nyuma ya pazia la kibaraza, ya pili nusu, wiki ya nne ikawa nje kabisa na sasa inakula jua lote la jioni. Ukiona majani yanarefuka na kulegea yanaegemea upande mmoja hapo inatafuta mwanga, usiongeze mbolea. Mbolea yenyewe naipa mara mbili kwa mwaka tu, nyepesi mno, haiitaji.

Wadudu nimewaona mara moja, wale weupe kama pamba wanaojificha kwenye makwapa ya majani, wengi wanawaita vidung'ata. Pamba ya masikioni na spiriti, unapangusa mmoja mmoja, siku nne baadae unarudia. Waliopanda agave kubwa nje chini waangalie fukusi wa mkonge, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, jike anatoboa kwenye kitako anataga na funza wake wanakula ndani, mmea unaonekana mzima halafu siku moja majani yote yanalala, ukivuta unang'oka mkononi. Yule hana msamaha, ukimkuta choma mmea wote asihamie mwingine.

Turudi kitaluni. Baada ya mmea kupona nilirudi pale, sikwenda kugombana, nilikwenda na kile chungu cheupe mkononi. Nikamkuta mama mwenyewe mwenye kitalu, mara ya kwanza hakuwepo. Nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu karibu, nikamgeuzia chungu chini nikamwambia mama angalia hapa. Akaangalia, akamwita yule kaka, akamuuliza mbele yangu hivi vyungu vya kichina mnaviuza hivi hivi bila kutoboa? Kaka akasema wateja wengine hawataki tundu, maji yanachafua tailizi. Na ni kweli wapo, namwelewa. Ila nikawaambia kama mteja hataki tundu basi mwambieni aache mmea kwenye kopo lake la plastiki lenye matundu, alitumbukize ndani ya hicho chungu cha kung'aa, akitaka kumwagilia anatoa, unachuruzika bafuni, anarudisha. Mama alilipenda hilo wazo. Akachukua dirili akatoboa changu matundu matatu hapo hapo, akanipa na mche mdogo wa agave bure kufidia, na alisema samahani kwa mdomo wake, jambo ambalo kwa wauzaji wengi hulipati. Huduma hiyo ya siku ya pili ndo imefanya nisiwape nyota moja.

Lakini kuna kitu kimoja sikukipenda siku ile na mpaka leo sijakiachia. Pale kwenye agave zenye kingo nyeupe waliweka kibao kimeandikwa "alovera ya kizungu". Na wakati mi nimesimama akaja dada mmoja anauliza kama hii inafaa kupaka usoni, na yule kaka akamjibu ndiyo, hata kunywa unasaga na asali. Jamani hapana. Nilimvuta yule dada pembeni nikamwonyesha mkono wangu wenye makovu ya vipele. Agave siyo alovera, hata ukoo wa karibu hawana, alovera ni ya huku kwetu upande wa Afrika na Uarabuni na agave imetoka Amerika, zinafanana kwa macho tu. Ukitaka kujua chukua jani la chini lililozeeka ulivunje: alovera inakatika pwaa na ndani kuna ute unaoteleza kama wa bamia, agave haikatiki kirahisi, inaacha nyuzi nyuzi, ndo zile zile singa tunazotengenezea kamba kwenye mkonge, unavuta na zinagoma. Ute wa agave mbichi ukiupaka usoni utaungua ngozi, mtoto akitafuna mdomo unavimba, mbwa na paka pia. Kuuza ua kwa jina la dawa ni kosa kubwa kuliko chungu bila tundu. Chungu kimeua mmea, hiki kinaumiza mtu. Nikamwambia mama, akasema nitamwambia kijana abadilishe.

Hali ya mmea wangu sasa: umeshakuwa na upana kama sinia la pilau, shina limeanza kuonekana chini kama shingo fupi, majani mapya yanatokea katikati yamejikunja kwa kubana kama mwavuli uliofungwa, na kila jani likifunguka linaacha chapa ya mwenzake mgongoni, mstari hafifu ambao ukiugeuzia mwanga unauona. Naweza kuuangalia nusu saa nzima nikitoka kazini. Pembeni umetoa watoto wawili. Nimewaacha mpaka wafike kama urefu wa kiganja ndo niwakate na kuwaanika siku kadhaa kama mama yao. Ua lake bado sana, linaweza kuchukua miaka kumi au zaidi na likija linatoka kama mkia mrefu uliopinda hadi mita tatu, na baada ya hapo shina lililotoa ua linakufa, kama mkonge unavyotoa mlingoti wake ukamaliza. Halikunikera hilo nililijua toka utoto, pale Muheza milingoti mikavu tulikuwa tunaifanya magoli ya mpira.

Kwahiyo mmea nyota tano, hasa kwa mtu anayekaa ghorofani, anayesafiri, mwenye mtoto mdogo (huu usio na miiba tu, na mtoto mwambie asitafune). Chungu na udongo walioniuzia, nyota moja. Mama mwenye kitalu nyota nne. Ukienda nunua ule wa elfu 18 kwenye mfuko mweusi, chungu tafuta kwingine, na nyumbani ubadilishe udongo wiki hiyo hiyo usisubiri uoze kama wangu.

Jumamosi iliyopita nilipita tena kuchukua mchanga, vyungu vyote vya kung'aa vimetobolewa sasa, nimevigeuza kimoja kimoja. Kibao cha alovera ya kizungu bado kipo, wamekisogeza tu nyuma ya mipapai. Nimemwambia mama kwa mara ya pili na safari hii nilimwachia kipande cha jani akivunje mwenyewe aone nyuzi, akakivunja mbele yangu, akanyamaza, akamwita kijana. Mwisho wa mwezi nitapita tena.